Kuku wa Mama Régina

Kuna mwanaume mmoja wa hapa Kasongo, simtaji, alinisimamisha karibu na soko akaniambia, "Mama Safia, ningekuwa miye, ule mulango ningeuvunja siku ya kwanza." Asante, baba. Safari nyingine nitakuita uje na bega lako.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nene, umepigiliwa bati, na kufuli iko nje. Ukuta ulikuwa wa matofali ya kuchoma. Mimi ni mjane ninayeuza vitenge, jamani, mimi si greda.

Kwa aliyeanza kunisikiliza leo, nimweleze kidogo. Nilikuwa natoka Kabambare, kwenye matanga ya shangazi yangu, narudi nyumbani. Pikipiki ikatufia kwenye matope, dereva akarudi kwa miguu kutafuta kipuri. Mvua ikashuka. Akatokea mwanaume mwenye kovu juu ya jicho na adabu zake, akanikaribisha nijikinge kwenye ghala lake la mpunga, mimi na furushi langu. Nilipoingia akafunga. Akaniambia anaitwa Musafiri, na nikipiga kelele nitajuta.

Hata hilo si baya sana. Baya ni kwamba hakuna aliyekuwa ananitafuta. Kasongo walijua bado niko Kabambare nalia na ndugu zangu. Kabambare walijua nimeshafika Kasongo nimekaa kwangu. Dereva aliporudi hakunikuta, akaona nimepanda pikipiki nyingine, akaenda zake. Simu yangu aliichukua Musafiri, na kule hata ungekuwa nayo usingepata mtandao. Nilikuwa nimepotea, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani mwenye habari hiyo.

Ila Mama Régina. Kila asubuhi bibi huyo alikuja akanisemesha kupitia mlango, taratibu, kizee, akiniuliza nimelalaje. Mara ya mwisho niliwaacha pale alipofungua mlango akaingia ndani, na kumbe Mama Régina alikuwa ni Musafiri.

Ndiyo. Mtu yule yule. Kitenge kiunoni, kilemba kichwani, na lile kovu lake juu ya jicho. Mikononi alishika sahani.

Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye magunia. Nilijua ananichezea. Nilimngoja acheke.

Hakucheka. Aliinama, akaweka sahani chini kwa mikono miwili, akashika kiuno na kuguna anavyoguna mama mtu mzima aliyelima maisha yake yote.

"Bonjour, mutoto yangu. Umelala muzuri?"

Sauti haikuwa ya Musafiri. Macho pia hayakuwa yake. Musafiri anakutazama kwa juu kama askari kwenye kizuizi. Huyu alinitazama kama mtu aliyekuwa na hamu ya kuniona.

"Nimelala, mama," nikasema. Ningesema nini?

"Bon. Leo hapana sombe. Leo nimekupikia kuku. Umekonda, mutoto yangu, mifupa inaonekana."

Kuku huyo alipikwa kwa mafuta ya mawese, harufu ilijaa ghala lote. Nilikuwa nimekula mihogo na majani yake, hiyo sombe, tangu nilipofungiwa, mate yakanijaa mdomoni. Lakini mkono ulikataa kwenda. Mimi ni binti wa Ayoubu wa Kasongo, nimezaliwa nimekuta msikiti uko mlangoni kwetu. Nikauliza bila kufikiri, kama ninavyouliza popote nikialikwa.

"Mama, samahani. Kuku iko amechinjwa na nani?"

Mama Régina akashika mdomo.

"Aii! Mungu wangu! Wewe iko Mwislamu!"

"Ndiyo, mama."

"Na miye nimekuletea kibudu! Nimemukata tu na kisu, miye mwenyewe!" Akaivuta ile sahani kwake haraka, akaificha nyuma ya kitenge, na nawaambia kweli tupu, machozi yalimlenga. "Pardon, mutoto yangu. Pardon kabisa. Mugeni Mwislamu hajawahi kula haramu kwenye nyumba yangu. Nilikuwa na sufuria yenu, pembeni, haijaguswa na nguruwe wala nyama ya pori. Nimesahau vipi? Siku hizi nasahau sana."

Mlio mbali mtashangaa, lakini huku kwetu ndivyo tulivyolelewa. Wakristo wengi wana sufuria ya jirani Mwislamu, na mgeni wa namna yetu akifika, kuku anapelekwa kwa Mwislamu achinjwe, ndipo apikwe. Anayelisha mgeni kibudu anaona haya mpaka kwa wajukuu zake.

"Usilie, mama," nikasema. Mimi! Namfariji aliyenifungia!

"Nitapeleka mwingine kwa Djafari mushonaji, kule njia panda. Djafari ndiye anatuchinjiaga. Kesho utakula halali."

Akatoka. Kufuli ikalia. Na mimi nikakaa chini juu ya mpunga, nikafikiri.

Kama mimi, mmeshaelewa? Mkristo anayeishi peke yake shambani hana sababu ya kupeleka kuku kwa Mwislamu. Isipokuwa moja tu. Djafari akishikishwa kuku yule mkononi, angejua papo hapo kwamba nyumbani kwa mtu huyu kuna mgeni, na mgeni ni Mwislamu. Habari yangu ingetembea kwa miguu ya kuku.

Sikuipanga, wallahi. Nilikataa chakula tu. Lakini kuanzia saa ile kuku huyo ndiye alikuwa njia yangu ya kurudi nyumbani kwa Amisa, mwanangu, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza na hana mama mwingine wa kumshika mkono. Nilitaka nifike kabla hajajifungua. Ndilo tu nililokuwa naomba kwa Mungu.

Mchana aliingia Musafiri. Kilemba hakipo, kitenge hakipo, mgongo umenyooka. Akanusa.

"Nani amepika kuku?"

"Mama," nikasema.

Nilingoja kofi. Halikuja. Akavuta gunia akakaa mbele yangu, viwiko juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Mama. Alisema nini? Iko anaumwa bado kiuno?"

Nikamtazama. Hakuwa anacheza. Alikuwa ananiuliza habari za nyumbani, kama unavyomuuliza mtu aliyetoka kwenu.

"Anaguna akiinama," nikamwambia.

"Ndiyo. Iko hivyo." Akatikisa kichwa. "Miye simuonagi. Akikuja, miye siko. Nikikuja, ameshaenda. Naona masufuria tu. Naona moto umezimwa, nyumba imefagiliwa. Siku moja nilikuta uji bado wa moto, nikakimbia nje, nikazunguka nyumba yote nikimuita."

Nikaokota punje za mpunga moja moja. Mimi ninayejulikana soko zima kwa mdomo!

"Unafikiri nimekuleta kwa ajili yangu?" akasema. "Miye sina haja na wewe. Mama hapendi kula peke yake. Walipokuja wale wenye bunduki, wakati wa vita, walituchukua tubebe mizigo yao. Ndugu yangu Grégoire alilia tu, Grégoire iko mulaini. Miye ndiye nilibeba. Tuliporudi, majirani walituambia mama alipika kwa watu wawili kila siku, akapakua sahani mbili, akangoja. Mpaka walipomukuta."

"Walipomkuta vipi?"

Akasimama. Macho ya askari yakarudi.

"Mvua ikikatika, hapa tunahama. Tunaingia pori, mbali, kwenye shamba ya zamani. Hapa watu wanapita sana. Tutaenda watatu."

"Watatu gani?"

"Wewe, miye na mama," akasema, akaniona mjinga.

Akafunga. Nikasikiliza mvua kwenye bati na nikaiomba, jamani, isikatike. Nani anaombaga matope? Barabara ya Kabambare tunailaani kila mwaka. Siku ile niliiombea dua iendelee kuoza.

Sasa nitasema neno, na anayetaka kucheka acheke. Kesho yake asubuhi nilipokaa pale gizani nikingoja, sikuwa namngoja Djafari peke yake. Nilikuwa namngoja na Mama Régina pia. Tangu mume wangu afe, tangu Amisa aolewe, nalala peke yangu na naamka peke yangu. Wateja wananiuliza bei. Majirani wananiuliza chumvi. Lakini mtu wa kuniuliza "umelalaje, mwanangu" sijampata tangu nilipomzika mama yangu mzazi. Nimekuja kumpata kwa mtu aliyeniteka, na mama huyo mwenyewe hayupo. Huo ndio upweke wangu, muujue.

Akaja. Alikuwa na kuku kwapani, mzima, anatazama huku na huku.

"Nashuka kwa Djafari," akasema, ana furaha kama mtoto wa Idi. "Nimekuja umuone kwanza. Iko na mafuta, eh?"

"Iko na mafuta, mama."

Akaenda. Nikabaki nahesabu jinsi njia ilivyo: bonde, kijito, njia panda. Nikamwona Djafari kwa mawazo, na kwa mawazo nilimtengeneza mkubwa, hodari, na panga mkononi.

Mama Régina aliporudi kuku alikuwa amechinjwa, na yeye alikuwa anacheka.

"Ule Djafari! Mdomo yake iko kama cherehani yake. Ameniuliza, iko mugeni gani kwako? Nikamwambia, iko binti yangu, Mwislamu, kutoka Kasongo. Ameshangaa sana! Anasema hanaga habari kama niko na binti."

Nikasogea karibu naye. "Akasema nini tena?"

"Akasema leo iko Ijumaa, akitoka kuswali anakuja kukusalimia. Haifai Mwislamu mwenzake apite bila salamu. Nikamwambia, karibu, tutakula wote." Akapiga makofi madogo. "Watu watatu kwenye mukeka! Tangu lini sijapakua sahani tatu!"

Nikageuza uso nisimwone anavyofurahi.

Mchana ulipofika, mlango ukafunguliwa wazi kabisa, mkeka ukatandikwa hapo hapo kizingitini, nusu ndani nusu nje, na nikaona mti, nikaona anga. Wali ulikuwa unatoka moshi. Kuku kwenye bakuli, na kijiko chake. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mama Régina, kwenye kamba moja na rozari.

Ningekimbia? Niliwaza. Lakini nilijua miguu ile chini ya kitenge ni ya nani, na ingenifikia kabla ya migomba. Nikakaa. Nilisema nimngoje mwanaume mwenye panga.

"Hodi! Salam aleikum!"

Akatokea. Ee Mungu wangu. Djafari mshonaji alikuwa mtu mfupi, mwembamba, sentimita ya kupimia nguo shingoni, miwani imefungwa kwa uzi. Panga hana. Alikuwa amekuja kwa sababu mbili, nilizisoma usoni mwake: apate habari ya kupeleka njia panda, na apate paja la kuku.

"Aleikum salam," nikaitikia, na nikamkazia macho yote niliyonayo. *Nyamaza, baba. Kula tu. Ona na uende ukalete watu.*

Hakuona macho yangu. Alikuwa anaona kilemba.

"Grégoire?" akasema. Akacheka kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. "Grégoire, iko muchezo gani huu? Umevaa kitenge?"

"Karibu, Djafari. Keti. Chakula kinapoa," Mama Régina akasema.

"Asubuhi nilisema labda iko na baridi, amejifunika. Grégoire, amka! Iko sauti ya nani unasema nayo?"

"Muzee, tule kwanza," nikasema haraka. "Tafadhali. Mama amepika."

"Mama gani?" Na hapo ndipo alipokosea, maskini, kwa sababu alikuwa mtu asiyeweza kuacha neno mdomoni. "Mama yake tulimuzika! Miye nilikuwepo, nilishika kamba ya jeneza! Mama Régina amekufa, dada yangu, siku nyingi."

Kijiko kikaanguka.

Mama Régina alinitazama mimi, si Djafari. Alinitazama kama mtu anayeomba nikanushe. Halafu macho yale yakazimika, na mwili wote ukayumba kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi.

Mkono ukapanda kichwani. Ukagusa kilemba, ukakivua. Akakitazama.

"Djafari?" Sauti ilikuwa ya tatu, sijawahi kuisikia. Ya mwanaume mpole, mwenye kigugumizi. "Dja... Djafari, umekuja lini? Huyu mama iko nani?"

"Unaniuliza miye?"

Akatazama ghala. Akaona kitanda changu cha magunia, ndoo, kipande cha muhogo. Akaona kufuli. Nikamwona anaelewa, kidogo kidogo, na nikatamani asielewe.

"Nani amekufungia hapa, mama?"

"Musafiri," nikamwambia.

Grégoire akajishika uso kwa mikono miwili. Akalia. Mtu mzima, na kitenge cha mama yake kiunoni, alilia kwa kwikwi, Djafari amesimama pale anashika sentimita yake kama tasbihi.

"Toka," Grégoire akasema. "Toka, mama yangu, toka mbio. Sijui nitabaki miye mwenyewe mpaka saa ngapi. Djafari, mutoe. Mutoe sasa!"

Na alinisukuma yeye mwenyewe, mkono mgongoni, kwa upole. Nikavuka mkeka. Nikavuka kizingiti. Miguu mitupu ikakanyaga tope, na tope lile lilikuwa tamu kuliko zulia la harusi. Nikatembea. Nikafika kwenye migomba. Barabara ilikuwa pale, naiona, nyekundu, na kushoto ndiko Kasongo, na Kasongo ndiko Amisa.

"Dada!" Djafari akaita nyuma. "Furushi yako! Vitenge vyako!"

Sikujali vitenge. Nilitaka kumwambia, acha, baba, vitenge si kitu. Lakini Djafari ni mshonaji, na mshonaji haachi kitambaa kizuri nyuma. Nilipogeuka nilimwona mgongo tu, anainama kuingia ndani ya ghala.

Na Grégoire alikuwa ameacha kulia.

Mgongo ukanyooka. Mkono ukavuta mlango, taratibu, bila haraka. Kufuli ikalia. Djafari akapiga bati kwa ndani, akapiga, akaniita jina la "dada" kwa sababu jina langu hakulijua. Na mimi nikakumbuka kwamba alitoka msikitini kuja kula tu, na kama hakumuaga mtu kabla hajaja, basi hata yeye hakuna atakayemtafuta huku.

Nilikuwa huru. Kati yangu na yule mtu kulikuwa na shamba zima la migomba. Hakunifuata. Hata hakunitazama kwa hasira.

Aliketi kwenye mkeka, peke yake, mbele ya sahani tatu. Akachukua paja la kuku, akaliweka kwenye sahani yangu. Akamimina mchuzi juu ya wali, akainua uso.

"Njoo, mutoto yangu," akaniita. "Utaondokaje na njaa?"

Lilikuwa neno la Mama Régina. Lakini sauti, jamani, sauti ilikuwa ya Musafiri, na alikuwa analia.

Barabara ilikuwa nyuma yangu, wazi. Mwanangu alikuwa mwisho wake. Nimejiapia kwamba niliwaza juu ya Djafari tu, yule maskini aliyekuwa anapiga bati, na watu wakiniuliza hivyo ndivyo ninavyowajibu. Ila ninyi nimewaahidi ukweli: hatua ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya kurudi kwenye mkeka, na niliipiga kabla sijamkumbuka Djafari.